Jina la Mama Kwenye Mhuri

Malkia Malyavati alifika kwa mchongaji jua halijawa kali, akamkuta Dhanika ameinamia mhuri wa shaba. Zilibaki siku tatu mwanamfalme Somila atawazwe, na katika ukoo ule kila mfalme mpya huchongewa mhuri wenye majina ya wafalme wote waliomtangulia, na la kwake mwishoni, kila mmoja na mama aliyemzaa. Wake wasiozaa hawakuandikwa.

"Umefika wapi?"

"Kwa marehemu mumeo, Mama Malkia. Sasa namchonga kijana, halafu mama yake."

"Andika Malyavati."

Dhanika aliweka patasi chini. "Mama, mji mzima unajua Somila katoka tumbo la nani. Watanikata mkono."

"Na aliyemlea ni nani? Suprabha alizaa akalala. Mtoto alipougua ndui, mimi ndiye niliyempepea kwa majani ya mwarobaini miezi miwili."

Miaka kumi na saba Malyavati alikuwa akisikia watu wakisema mtoto ana macho ya mama yake, Suprabha. Alikuwa akitabasamu, kisha akiingia chumbani kutafuna tambuu mpaka ufizi umuume.

"Kumbe uko huku, dada." Suprabha, mke mwenzake, alisimama mlangoni akihema. "Wameniambia umetoka hata wali wako wa maziwa hujaugusa. Nikajua tu, umekuja kuniibia."

"Nikuibie nini? Una kila kitu."

"Kila kitu!" Suprabha alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mwezi uliopita, ulipokwenda kufunga hekaluni, Somila alianguka kutoka mgongoni mwa tembo. Mguu ulivimba hivi. Mchana kutwa namkanda kwa mafuta ya ufuta. Maumivu yalipozidi, unajua aliita nani? 'Mama Malya.' Mguu nimeushika mimi, anayeitwa ni wewe! Nilitamani nikutilie shubiri kwenye maziwa."

Dhanika akajifanya anapuliza vumbi la shaba.

"Basi tubadilishane," Suprabha alisema. "Chukua mhuri, nitamwamuru Dhanika mwenyewe. Ila uhamie lile jumba la mtoni, na akiumwa usije. Ajizoeze kuniita mimi."

Malyavati alitazama nafasi iliyobaki kwenye shaba, pana kama kidole. Jina lake lingekaa pale hata baada ya wajukuu wa wajukuu. Lakini mtoto alikuwa amemwita, na hadi leo hakuna aliyemwambia.

"Mchonge yeye," alisema.

"Malkia Suprabha?"

"Umesikia."

Patasi ikaanza kugonga. Kila pigo lilimchoma, naye hakuondoka. Suprabha aliukunjua mkeka uliokuwa ukutani, akaukung'uta, akaketi upande wenye jua.

"Kaa hapa kivulini, dada. Magoti yako hayo."

Malyavati aliketi bila kumtazama. Akanyoosha shingo kuuangalia mhuri.

"Dhanika, herufi hiyo mbona kubwa? Hata ya mama mkwe wetu haikufika hapo. Hizo zilizobaki zipunguze."