Vitufe Vitano vya Mlangoni

Mshonaji alikuwa na tabia moja iliyomkera mama mkwe wake kuliko zote. Kila alipotaka kufungua gari, alikisogelea kile kibao cha vitufe kwenye mlango wa dereva kama mtu anayekwenda kumnong'oneza mwenzake umbea, akakifunika kwa mtandio, ndipo akabonyeza. Hata wakiwa wawili tu uani. Hata mvua ikiwanyeshea.

Siri yenyewe ilikuwa na uzito wake. Mumewe, mtengenezaji wa lifti za maghorofa, alipolileta gari lile nyumbani alimtajia namba yake sikioni: saba, sifuri, tatu, tatu, tano. Zilikuwa tarakimu za mwisho za simu ya Mshonaji enzi za uchumba, laini ambayo ilikwisha kufa zamani. Katika nyumba ile mama mkwe alijua kila kitu kabla yake: mumewe alianza kutembea lini, anapenda chai ya namna gani, akinuna aachwe au abembelezwe. Namba ya gari ilikuwa kitu kimoja Mshonaji alichojua yeye na mumewe tu, na alikilinda kwa meno na kucha.

Mama mkwe, mtaani wakimwita Opereta, alikuwa amekula chumvi nyingi mbele ya swichibodi, akiwaunganisha wapigaji simu, wakati simu zote za mji zilikuwa na tarakimu tano. Swichibodi ilishatupwa, namba zikabaki kichwani mwake. Ukimtajia kiwanda cha sabuni, anakupa namba. Ukimtajia daktari aliyefariki, anakupa namba na kukwambia alikuwa akikoroma kwenye simu.

Asubuhi moja wawili hao walipeleka gauni la harusi. Lilikuwa limelazwa kiti cha nyuma ndani ya mfuko mweupe, na bibi harusi alikuwa ghorofani akisubiri, nywele tayari, uso tayari, amejifunga khanga. Mshonaji aliegesha kivulini, akauweka ufunguo juu ya kiti ili mikono yote miwili iwe huru kwa gauni, akashuka, akafunga mlango wake. Kabla hajaufikia wa nyuma, Opereta naye akashuka upande wa pili, na kama ilivyo desturi yake popote anapotoka, akabonyeza kufuli la ndani kwanza, ndipo akaubamiza mlango. Milango yote ikajifunga mara moja. Ufunguo ndani, gauni ndani.

"Kwani ulitaka niache wazi?" Opereta akasema. "Na wezi hawa?"

Mtaa ulikuwa mtupu, ila paka mmoja.

Mshonaji alianza kuukunjua mtandio wake. Opereta akamsukuma taratibu kwa nyonga na kumwambia asijisumbue na maigizo yake, namba anaijua.

"Unaijua, mama?"

"Mwanangu angeninyima mimi?" Akavaa miwani, akanyoosha kidole. "Nane, tisa, nne, tatu, sita. Namba ya duka la viatu. Ndiko nilikomnunulia viatu vyake vya kwanza."

Moyo wa Mshonaji ulianguka kwa kusikia kwamba mama ameambiwa, kisha ukapanda tena juu kwa furaha isiyo na adabu, maana namba haikuwa ile. Mume kamdanganya mamake. Alijiandaa kuwa mpole, kusema pole mama, labda umesahau.

Mlango ukalia *kach*, ukafunguka.

Hakupata nafasi ya kushangaa. Dirishani juu mashangazi wa bibi harusi walikuwa wakimpungia mikono. Alipandisha gauni, akamvika, akapiga magoti na kufunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, vidogo kama punje za mchele. Gauni lilimkaa bibi harusi kana kwamba alizaliwa nalo. Kila mtu alisifu, na Mshonaji alitabasamu ipasavyo, lakini mawazo yake yalikuwa chini kwenye gari. Kama namba ya kweli ni ya duka la viatu, basi yeye alipewa nini? Na kama yake ni ya uongo, mbona siku zote inafungua?

Aliporudi, Opereta alikuwa kaegemea gari, kalifunga tena, safari hii ufunguo umo mkobani mwake. Mshonaji hakufunika kitu. Alibonyeza saba, sifuri, tatu, tatu, tano, mbele ya macho ya mama mkwe. *Kach.*

"Hiyo umebonyeza nini?" Opereta akauliza.

"Saba, sifuri, tatu, tatu, tano. Mwisho wa namba yangu ya zamani. Aliyonipigia akinichumbia."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakainama. Vitufe vilikuwa vitano tu, na kila kimoja kilibeba tarakimu mbili: moja na mbili, tatu na nne, tano na sita, saba na nane, tisa na sifuri. Saba ya mmoja na nane ya mwingine zilikaa kitufe kimoja. Vidole vyao vilikuwa vimepita njia ileile, mmoja akijificha, mwingine akijigamba.

Wakampigia mume simu, spika wakaifungua. Lifti ilisikika ikipanda nyuma yake, naye akaanza kusema kwamba kusema kweli yeye alitaka amani tu.

"Namba ipi ilianza?" Mshonaji akauliza. Alijua anauliza nini.

Kabla hajajibu, Opereta akanyoosha mkono, akaikata simu kwa wepesi wa kazi yake ya zamani.

"Mwache. Hapo akifungua mdomo atalala nje."

Mshonaji akacheka, na katika kucheka akakumbuka. Wiki ile gari lilipoletwa, mumewe alikaa na mamake kibarazani alasiri nzima, akimwomba amtajie namba za zamani: posta, hospitali, kiwanda cha mikate, duka la viatu. Mshonaji alidhani anamfurahisha tu mzee. Kumbe alikuwa akitafuta itakayoingia kwenye vitufe vilevile. Basi namba ya Mshonaji ndiyo iliyoanza.

Aligeuka kusema, akamwona mama mkwe anapangusa miwani kwa upindo wa gauni lake, uso umemnawiri kwa ajili ya viatu vidogo vya zamani. Akaimeza habari ile, na ikamtelemka tamu kama asali.

Njiani walisimama kununua uzi. Waliporudi kwenye gari, mtandio ulikuwa shingoni, mahali pake.

"Fungua wewe, mama," Mshonaji akasema.

"Kwa namba ipi?"

"Yako."

Opereta akamtazama kwa juu ya miwani, kitambo kidogo, kama mtu anayesikiliza laini mbili kwa pamoja. Kisha akabonyeza, akitaja kwa sauti kila tarakimu: saba, sifuri, tatu, tatu, tano.