Sampuli ya Watu Thelathini

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwa homa ya uzazi katika wodi moja ndani ya miezi sita, na pendekezo la utafiti la muuguzi aliyewahudumia lilirudishwa kwa sababu pambizo ya kushoto ilikuwa nyembamba.

Muuguzi alijua kinachowaua. Wodi ilitumia maji ya tangi la juu ya paa, na maji hayo yalitoka bombani yakinuka panya aliyeoza. Ufunguo wa paa ulikuwa kwa mganga mkuu. Alisema hafungui tangi la hospitali kwa hisia za muuguzi, alete utafiti. Chuoni, alikosomea shahada ya pili, walimwambia haruhusiwi kugusa hata faili moja la wodi kabla kamati haijapitisha pendekezo lake. Kwa hiyo aliandika. Sababu ya vifo ilichukua ukurasa mmoja. Kurasa thelathini na tisa zilizobaki zilieleza kwa nini yeye aruhusiwe kufikiri hivyo.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti, wanafunzi walimwita Mzee Pambizo, kwa kuwa alibeba rula katika mfuko wa shati, pale ambapo wengine huweka kalamu. Wanne waliobaki walikuwa wakikubaliana naye kwa zamu.

Pambizo ilipanuliwa. Jumatatu ya wiki ya kikao cha pili, saa tatu asubuhi, marehemu wa kwanza alifika idarani, kule chuoni. Alikuwa fundi cherehani, bado kavaa gauni la wodi. Karani alimsogezea daftari la wageni asaini.

"Una shida gani, dada?"

"Mimi ni wa utafiti. Nimeandikwa ukurasa wa kumi na mbili."

"Kamati inakaa Alhamisi."

"Nitangoja. Sina pa kuwahi."

Alhamisi walikuwa kumi na watatu: kumi na mmoja waliokuwemo kwenye pendekezo, na wawili waliokufa pambizo ikipanuliwa. Karani aliazima benchi la pili kutoka maktaba, akanung'unika kwamba watu hawa hawanywi chai, lakini wanaizibia njia chai ya wenzao.

"Kumi na mmoja, kumi na watatu," alisema Mzee Pambizo, "hiyo si sampuli, hiyo ni familia." Wajumbe wanne walicheka. "Tuletee thelathini. Na fomu za ridhaa ziko wapi?"

"Wenyewe wako nje, Profesa. Wako tayari kusaini."

Walisaini. Mwenyekiti akasema saini ya marehemu inahitaji shahidi. Wakashuhudiana. Akasema shahidi hawezi kuwa mshiriki. Pendekezo likarudi.

Kati ya kikao na kikao ilipita miezi miwili. Mara ya tatu ilionekana halina nadharia. Mara ya nne nadharia ilikuwa kubwa kuliko tatizo. Kichwa cha pendekezo kilikuwa kirefu, muuguzi akakikata. Kikawa kifupi, akakirefusha. Mjumbe mmoja alishangaa kwamba makala yake haikutajwa. Ilihusu mabwawa ya samaki. Ikatajwa. Watu hawa walikuwa na macho ya kuona nukta iliyosahaulika upande wa pili wa karatasi, ila benchi la nje ya mlango wao walilipita kila siku wakivuta tumbo ndani ili wasiguse magoti ya mtu.

Nako nje watu waliongezeka. Msusi alifika akiwa amesukwa upande mmoja wa kichwa, maana uchungu ulimshika kabla mwenzake hajamaliza.

"Sogea, shoga."

"Nisogee wapi, ukutani? Umekufa lini wewe?"

"Juzi. Na wewe?"

"Mimi wa zamani. Nilikufa wakati wa utangulizi."

"Mwenzio nimekufa kwenye mapitio ya maandishi," alisema mwalimu mmoja wa chekechea. "Yalikuwa marefu."

Wakacheka kidogo. Karani akawaambia wapunguze sauti, kuna watu wanasoma.

Muuguzi, katika zamu zake, alikuwa akichemsha maji ya wodi kwa birika lake la umeme alilotoka nalo nyumbani. Tangu aanze, zamu zake hazikuwa na kifo. Katika marekebisho ya sita aliliandika jambo hilo kama ushahidi wa awali, akidhani watafurahi.

Mzee Pambizo aliweka rula mezani.

"Umeingilia kati kabla ya kibali. Umechafua data."

"Nimesafisha maji, Profesa."

"Mama, hapa hatubishani. Kuanzia leo mpaka kibali kitoke, zamu zako ziwe kama za wenzako. Ukichemsha tena, jalada tunalifunga."

Muuguzi alitoka akakaa benchini, katikati yao.

"Wamesemaje?" aliuliza fundi cherehani.

"Niache kuchemsha."

"Na bila kibali tangi halifunguliwi?"

"Halifunguliwi."

Fundi cherehani aliutazama mlango wa kamati. "Hivi hawa walisoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Hapo ndipo walipoharibika. Wangeachia njiani."

Muuguzi alilirudisha birika nyumbani. Ndani ya wiki tatu wanawake wawili walikufa katika zamu yake, mmoja akiwa amemshika mkono wa koti. Jumatatu walifika koridoni, wakamwomba asogee kidogo nao wakae. Hawakumlaumu. Wangemlaumu, angepata nafuu.

Katika kikao cha mwisho Mzee Pambizo alitoka mwenyewe, akawahesabu mmoja mmoja kwa ncha ya rula. Walitimia thelathini.

"Sasa hii ni sampuli," alisema, akampa muuguzi mkono. "Unaona faida ya subira? Ulituletea kazi dhaifu." Wajumbe wote walipitisha. Mmoja alishauri pendekezo hilo litumike kufundishia wanafunzi wapya.

Muuguzi alikipeleka kibali kwa mganga mkuu siku hiyohiyo. Mganga mkuu alikisoma chote.

"Hili ni pendekezo," alisema. "Mimi niliomba utafiti. Ukimaliza kukusanya data, njoo tuzungumze habari za tangi."

Ukusanyaji wa data ulipangiwa mwaka mmoja. Karani aliagiza benchi la nne.

Pendekezo lilichukua marekebisho saba na miezi kumi na minne. Zilichapwa kurasa mia tatu na ishirini. Tangu lilipowasilishwa mara ya kwanza hadi lilipopitishwa walikufa wanawake kumi na tisa, wawili kati yao mikononi mwa aliyeliandika. Watoto waliobaki ni kumi na sita. Watatu walikwenda na mama zao.