Waliokaa Kizingitini

Kiroboto alikuwa amepiga pasi pembe moja ya shuka alipokumbuka kwamba chupa ya wanga iko chumba cha kufulia. Akaiacha pasi hapohapo, akaifuata chupa. Alipovuka kizingiti, nia ya kuchukua wanga ilibaki nyuma, ikaketi mlangoni na kukunja miguu. Ilikuwa na kimo cha ndoo, sura ya Kiroboto mwenyewe, na gauni lilelile la bluu alilovaa siku hiyo. Kiroboto hakugeuka. Alisimama katikati ya chumba cha kufulia, mikono mitupu, akiyatazama mabeseni kana kwamba yangemwambia jambo.

"Karibu," alisema mfuaji bila kuinua uso kutoka kwenye povu. "Umekuja kutujulia hali?"

"Nimekuja... ngoja, kaka, litanijia."

Halikumjia. Aliona mashati yanachuruzika kwenye kamba, akaanza kuyakamua. Harufu ilipomfikia, shuka lilikuwa limeshaungua.

Hakuna aliyeshangaa. Pale mlangoni walikuwa wamekaa wengine pia, nia zake za siku za nyuma: wa kufunga bomba, wa kuokota vibanio, wa kumpigia shangazi simu. Mfuaji alipopita na toroli la nguo alisema, "Hebu sogezeni miguu, wapenzi," nao wakasogeza. Waliokaa muda mrefu walikuwa wamepauka kama shati lililofuliwa mno. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni. Nyumbani, shangazi aliyemlea alikuwa akiwaruka huku ameshika sufuria. Shuleni, mwalimu aliwafagia nje pamoja na karatasi, kisha akamchapa Kiroboto mwenyewe kwa uvivu. Jina la Kiroboto alilipata huko, kwa kurukaruka kutoka jambo hadi jambo, akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Mwenye biashara hiyo ya udobi, ambaye wote walimwita Bosi, aliliinua lile shuka kwenye taa, akamtazama Kiroboto kupitia tundu lake.

"Kwa fundi cherehani ulifukuzwa," alisema. "Duka la dawa ulifukuzwa. Mimi nina moyo, lakini sina mashuka ya kuchoma. Wiki hii yanakuja majoho ya mahafali. Likiungua hata moja, Jumatatu usije."

Kiroboto aliitikia. Shangazi alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba safari hii mtoto ametulia, na Kiroboto hakujua angemrudia na uso gani. Tena, alikuwa ameanza kuamini maneno ya watu, kwamba ndani yake kuna kitu kibovu kisichotengenezeka.

Mpiga pasi mkuu, mwanamke mnene mwenye goti bovu aliyeitwa Mama Pasi, alikuwa ameyaona yote. Bosi alipotoka, alizima pasi yake, akajikokota hadi mlangoni, akapiga goti lile zima mbele ya yule wa wanga.

"Wewe umekalia nini hapa?"

"Wanga," alijibu yule mdogo.

"Mbona hukuingia?"

"Aliniachia mkono."

Mama Pasi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali nguo ilipochanikia. "Umesikia, mwanangu? Hawakukimbii hata kidogo. Unawaachia."

"Sikujua kama nawashika, Mama."

"Sasa umejua. Mshike. Na uzungumze naye njia nzima, maana ukinyamaza tu, mwingine anadandia."

Kiroboto akainama. Mkono ule ulikuwa wa baridi, mwembamba kama mpini wa kijiko. Akavuka kizingiti akisema, "Wanga, wanga, wanga." Mfuaji akaitikia, "Amina," lakini Kiroboto alirudi na chupa. Alipoiweka mezani, yule mdogo alitoweka polepole, kama unyevu chini ya pasi.

Haikuwa rahisi. Mtu akipiga chafya, mkono ulichomoka. Redio ya jirani ikibadilisha wimbo, ulichomoka. Mama Pasi alimwanzishia safari fupi, kutoka mezani hadi mlangoni, kisha hadi kwenye kamba, kisha hadi uani na kurudi. Akimwona amesimama ameduwaa, hakumfokea. Alisema tu, "Rudi mlangoni umchukue. Yupo." Neno hilo lilimtuliza Kiroboto kuliko pole zote alizowahi kupewa, kwa kuwa siku zote alidhani kilichopotea kimepotea. Baada ya muda hakuhitaji kusema kwa sauti. Midomo ilicheza tu, na vidole vilikaza.

Alhamisi majoho yalifika, meusi na mazito, yamejaza toroli. Nia ya kuyashughulikia ilipotokea, kichwa chake kiligonga dari. Kiroboto aliweza kukishika kidole chake kimoja tu. Akaivuta hadi mlangoni, ikakwama mabega.

"Huyo hapiti," Mama Pasi alisema. "Mwambie ajigawe."

"Ajigawe vipi?"

"Muulize kinaanza nini."

Kiroboto akauliza. "Kutoa vumbi," jitu lilijibu kutoka juu, na mdogo mmoja akashuka begani mwake akiwa na brashi. Halafu nini? Kulowesha kitambaa cha kutandika juu. Akashuka mwingine. Halafu? Jitu lilizidi kupungua hadi likaisha, na wadogo wakajipanga ukutani kusubiri zamu zao. Kiroboto aliwatazama, akahisi kifua kimekuwa chepesi.

Ijumaa mchana, joho likiwa mezani na pasi ikiwa ya moto, sauti ya Bosi ilipasua nyumba.

"Kiroboto! Njoo mara moja!"

Mguu wake ukainuka wenyewe. Hapo ndipo alipokuwa akiharibikiwa siku zote. Aliutazama ule mguu ukiwa hewani, akaurudisha chini. Akasimamisha pasi. Akachomoa waya. Akamshika mkono yule mdogo wa kupiga pasi joho, ndipo akaenda kaunta.

"Na huyu nani?" Bosi aliuliza.

"Joho, Bosi. Niko naye katikati."

"Mwache ndani. Huoni kuna mteja?"

"Nikimwacha, nitamsahau."

Yule mdogo alimwamkia mteja, "Shikamoo," na mteja akaitikia, "Marahaba," huku akitafuta miwani yake. Kumbe Bosi alikuwa anataka mfuko wa karatasi tu. Kiroboto akampa.

Akirudi, alipita mlango wa ofisi. Kizingitini alikaa mdogo mwenye sura ya Bosi, ameshika futi ya kupimia, amepauka hata ukuta ulionekana nyuma yake.

"Wewe umekalia nini?" Kiroboto aliuliza kwa huruma.

"Dirisha la chumba cha pasi."

Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Joto likizidi, Mama Pasi alikohoa hadi akashika meza. Kiroboto akanyoosha mkono uliokuwa huru. "Twende. Aliyekuachia yuko hapo kaunta."

Yule mdogo alitikisa kichwa. "Hakuniachia. Aliniweka hapa kusudi."

Vidole vya yule wa joho vilikuwa vinaanza kuteleza. Kiroboto akavikaza, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi majoho yalichukuliwa yote, hakuna lililoungua wala kung'aa kwa kuzidiwa pasi. Bosi aliyasindikiza kwa macho hadi garini. "Umeona?" alimwambia Kiroboto. "Ukiacha uvivu, unaweza. Jumatatu uwahi." Kisha akamruka yule mwenye futi bila kutazama chini, akafunga ofisi.

"Ndiyo basi, hutatutembelea tena," mfuaji alilalamika, akimrushia povu.

Kiroboto alikuwa ameshafika getini alipohisi mkono wake mtupu. Hakuogopa. Alirudi nyuma, mlango kwa mlango, hadi kwenye kizingiti cha chumba cha pasi. Hapo alikaa mdogo mmoja, gauni lake bado na rangi zake zote.

"Umekalia nini?"

"Asante," alijibu.

Akamshika mkono, wakaingia. Ndani, Mama Pasi alikuwa anamalizia foronya, shingo yake imelowa jasho.

"Umesahau nini tena, mwanangu?"

"Sijasahau. Nimekuletea." Kiroboto alikuwa mtu wa haya, kwa hiyo alisema akitazama foronya. "Asante, Mama. Umenionyesha kwamba mimi si mbovu."

Yule mdogo alitoweka katikati yao. Kiroboto akachomeka pasi ya pili ili kazi iishe mapema, na Mama Pasi, akikohoa, alisogea ndani zaidi, akamwachia upande wa karibu na mlango, ambako hewa ilikuwa inafika kidogo.