Mistari Kumi na Mmoja Mitupu

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi najivuna, na sababu ninayo. Mwaka wa kumi na tisa huu nasimamia wodi ya watoto wachanga, na wanafunzi wa chuo cha uuguzi kilicho ng'ambo ya barabara huja kujifunzia kwangu. Mbele yangu wananiita Sista. Nikigeuka tu wananiita Sindano, na wanadhani sijui.

Mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu. Wenzake walimpachika jina la Dakika, tena si kwa kumsifu. Kabla ya mtihani wa mwisho kila mwanafunzi hutakiwa kuhesabu pumzi za watoto mia moja, kila mtoto kwa dakika nzima, aandike idadi kwenye daftari lake, nami nitie sahihi. Ni kazi ya kuchosha. Mtoto mchanga huvuta pumzi harakaharaka, akatulia, akavuta tena, na akilia kidogo tu hesabu imeharibika, unaanza upya. Kwa hiyo wanafunzi wana njia yao ya mkato: wanatupa jicho kitandani, wanaandika arobaini, wanakwenda kunywa chai. Arobaini ni idadi ya kawaida, haimshtui mtu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa natia sahihi kurasa nzima za arobaini bila kuuliza.

Daftari la Dakika halikuwa hivyo. Lilikuwa na thelathini na saba, hamsini na moja, arobaini na nne. Alikuwa akivuta kigoda kando ya kitanda, saa mkononi, macho kwenye kifua cha mtoto. Siku moja alianza upya mara sita kwa kitoto kimoja chenye kelele za mnadani. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alhamisi, siku moja kabla ya kukusanya madaftari, alikuwa amefikisha themanini na tisa. Wodini walikuwa wamebaki watoto watatu, na wote alikwisha kuwahesabu. Daftari lenye pengo halimwingizi mtu kwenye mtihani, na mtihani mwingine ni baada ya miezi sita. Roho iliniuma. Kaka yangu alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba binti yake anamaliza mwaka huu. Nikamwita Dakika kwenye chumba cha dawa, nikafunga mlango.

"Mwanangu, lete daftari. Jaza hiyo mistari kumi na mmoja, nitie sahihi, mambo yaishe."

"Nijaze nini, shangazi?"

"Usinichezee akili. Jaza kama wenzako."

"Watoto wenyewe wako wapi?"

"Wamepita hapa maelfu. Chagua wowote."

Alitabasamu kidogo, kwa adabu. "Samahani, shangazi. Nikizoea kumwandikia mtoto ambaye hayupo, kuna siku nitamwandikia hivyohivyo aliyepo, naye pumzi zinamwishia."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia ana kichwa kigumu kama cha marehemu babu yake, na kwamba wema wa aina hiyo hauna cheti. Alisikiliza yote, akaniaga kwa heshima, akatoka. Nilibaki nahesabu mabomba ya sindano niliyokuwa nimeshayahesabu asubuhi.

Ijumaa alasiri mkuu wa chuo aliniita ofisini kwake, maana mimi ndiye mlezi wa wanafunzi wodini. Daftari la Dakika lilikuwa wazi mezani, kando ya rundo la madaftari ya wenzake.

"Sista, darasa zima limekamilisha isipokuwa huyu," alisema mkuu. "Mistari kumi na mmoja mitupu. Namwuliza alikuwa wapi, hasemi. Nitaandika kwenye faili lake kwamba ni mtoro wa wodi."

Dakika alisimama karibu na kabati, akitazama viatu vyake. Hapo nikaelewa kwa nini hasemi. Akianza kueleza, maelezo yatafika kwenye chumba cha dawa, na mle nimo mimi. Mtoro! Mtoto aliyekalia kile kigoda mpaka sketi ikapauka.

Nikapiga moyo konde. "Mkuu, huyu si mtoro. Jana mimi mwenyewe nilimwambia ajaze hesabu za uongo, akanikatalia. Na hayo mengine uliyoyapanga hapo, sahihi ni zangu, lakini siwezi kuapa kwamba kuna aliyehesabu."

Mkuu alichukua daftari la juu, akapitisha kidole ukurasa mzima: arobaini, arobaini, arobaini. Akachukua la pili. Halafu akauliza kama najua ninachosema, nikamwambia najua.

Uamuzi haukuchelewa. Nilipigwa marufuku kutia sahihi na nikapewa barua ya onyo. Mtihani ulisogezwa miezi sita kwa darasa zima. Na kwa kuwa sahihi yangu haikuaminika tena, madaftari yote yalifutwa, pamoja na la Dakika. Zile themanini na tisa zake za kweli zilikwenda na maji kwa ajili ya mkono wangu mwepesi. Kule nje nilishindwa kumtazama usoni.

"Nimekuharibia, mwanangu."

"Watoto wanazaliwa kila siku, shangazi," alisema, akanishika mkono tukavuka barabara.

Jumatatu asubuhi alikuwa wodini wa kwanza. Muuguzi mwenzangu aliyepewa kazi ya sahihi alisimama nyuma yake, na Dakika alikuwa na saa mkononi, akihesabu pumzi za mtoto wa kwanza kati ya mia. Nilikuwa napita na sinia la dawa. Mama wa mtoto akaninong'oneza: "Huyu binti makini hivi ni nani?"

"Ni mtoto wa kaka yangu," nikajibu, kifua mbele, kwa sauti iliyomwamsha mtoto akaangua kilio.

Dakika alinitazama, akaiacha ile hesabu, akangoja mtoto atulie, akaanza upya.