Kivuli cha Binti wa Fundi Cherehani

Wewe ulipita mbele ya kibanda cha fundi cherehani, ukamwona binti kwenye kiti cha magurudumu pale mlangoni, ukajitia unasoma simu. Simu yenyewe ilikuwa imezima. Basi kaa usimuliwe ulichokikwepa.

Binti ana miaka kumi na tisa, na mtindio wa ubongo tangu azaliwe. Hasemi kwa mdomo. Akiangalia juu ni ndiyo, akiangalia chini ni hapana, na kwa macho hayohayo ndiye anayechagua rangi za uzi za nguo zote anazoshona mama yake. Wateja husifu. Sifa huchukua mama.

Mambo yaliharibika siku wifi wa fundi alipokuja na mwanawe, mwenye mtindio kama huo. Mtoto alikuwa kwenye kiti chake kama siku zote. Kivuli chake kilikuwa kimesimama ukutani, kinapiga danadana.

"Ni zile sindano za seli shina," wifi alisema, akijipepea. "Wanachota uboho wa mtoto mwenyewe, wanautengeneza, wanamrudishia mgongoni. Daktari anasema kimeanza kivuli, mwili utafuata."

"Hongera, wifi," fundi alisema. Sindano ya cherehani ilikuwa imemchoma kidole, naye hakukitoa.

"Na wewe mpeleke wako. Au unangoja apate mchumba kwanza?"

Tangu hapo kijicho kilimkaba fundi hadi akawa anashona mikono ya mashati nje ndani. Mumewe, mchomelea vyuma, alimkumbusha tiba walizokwisha kujaribu: mafuta ya kukanda, mkanda wa sumaku, vile vidonge vya kijani. Kote waliambiwa wasubiri kidogo.

"Muulize mwenyewe basi," alisema.

"Hukukiona kile kivuli kinavyoruka, baba. Dada yako atanicheka mpaka kaburini."

Kliniki, nesi alimwinamia binti. "Mwanangu, unataka sindano?"

Binti akaangalia chini. Akakibana kidevu kifuani kabisa, asije akaeleweka vibaya.

"Anaona haya?" nesi aliuliza.

Fundi aliyajua macho yale kuliko anavyoijua cherehani yake.

"Amekubali," alisema.

Walimlaza kifudifudi. Hata hapo aliendelea kuangalia sakafu.

Wiki iliyofuata kivuli cha binti kiliteremka kwenye kiti, kikanyoosha mgongo, kikatembea. Kilikuwa kirefu kuliko cha mtoto wa wifi, jambo lililomtuliza sana fundi. Akawa anakitembeza mtaani, na majirani wanakisalimia na kukipisha njia. Wifi alipokiona alisema kinachechemea mguu wa kushoto. Fundi akamjibu kwamba angalau hakijakonda kama cha mwanawe.

Kliniki ilitangaza kwamba familia zimeridhika. Aliye kwenye kiti hakuulizwa. Mwili haukufuata. Binti anakaa mlangoni juani bila kivuli, anakitazama chake kikipita ng'ambo ya barabara na mama yake, wameongozana kama mashoga.

"Nyekundu au bluu, mama?" fundi humuuliza akirudi, amebeba vibunda vya uzi.

Binti hufumba macho. Nguo siku hizi zinatoka na rangi zinazogombana, na fundi anasema tatizo ni uzi wa kisasa.

Sasa wifi kasikika akisema mwanawe anaongezewa sindano, kivuli kijifunze kuimba. Fundi hakulala. Asubuhi naye akamwombea binti miadi kliniki, akapewa Jumatatu.

Usingoje Jumatatu. Iache hadithi hii hapa, nenda sasa hivi pale mlangoni, chuchumaa mpaka uso wako uwe sawa na wake, umuulize kama anataka sindano nyingine. Kaa hapo hadi afumbue macho. Akiangalia chini, shika kiti hicho kwa mikono miwili na usikiachie kwa mtu, hata kwa mama yake.