Wiki Moja ni Kidogo

Saudah alianza kuuza vitenge katika soko la Bwera zamani sana, enzi ambazo, ukiwasikiliza wenyeji, ng'ombe walivuka mpaka wa Kongo wakiwa wamevaa viatu. Kikantoni hakukijua hata cha kuombea maji. Mwaka huu kikamlazimu. Binti yake Shamira ameolewa Hong Kong, amezaa msichana anayeitwa Pretty, na Saudah hajawahi kumpakata mjukuu huyo. Shamira alitaka kumleta nyumbani likizo ya shule, ila mama mkwe wake akagoma. Pretty amelelewa mikononi mwake, alisema, hawezi kumwachia mtu ambaye hajaongea naye kwa mdomo wake, bila mkalimani. Na bibi huyo anajua Kikantoni tu.

Ndipo Saudah akamganda Huzaifa, msafirishaji wa Kasese aliyekuwa akienda Guangzhou kununua vitambaa. Huzaifa alimfundisha huku akipakua marobota. Vitabu alivikataa. Lugha ile, alisema, hujifunzwa kwa sentensi za kila siku, na sauti yake ni kama njia ya milimani kule Bugoye: usipopanda panapopandwa, utajikuta mtoni. Akaanza na salamu: nei sik jo faan mei, yaani umeshakula? Sauti inatambaa bondeni, inapanda kilima kwenye jo, kisha inarudi bondeni na kulala. Saudah akaikariri kwa mkono, kiganja kikipanda na kushuka, hata wateja wakadhani anafukuza nzi. Aliamkia watu, aliamkia mifugo. Inasemekana mbuzi mmoja wa Munkunyu alimjibu, tena kwa lafudhi nzuri kuliko ya Huzaifa.

Kellen, muuza nyanya wa meza ya jirani, hakuweza kuvumilia.

"Mama Shamira, unaongea ama unaimba?"

"Naongea. Kwani lugha yako ya Lhukonzo haipandi na kushuka? Uliza mutu yeyote wa mlimani."

Kellen akawaza, akajaribu mwenyewe, na kufikia mchana alikuwa akiziuliza nyanya zake kama zimekula.

Kasoro ilikuwa moja. Huzaifa ni mtu wa biashara, na baada ya salamu hakuwa na kingine ila maneno ya soko: ghali mno, punguza, kidogo mno, ongeza, mzigo utafika wiki ijayo. Saudah akayameza yote, maana hayakuwepo mengine.

Siku ya simu ikafika, Saudah akiwa mezani pake sokoni. Bibi wa Hong Kong akatokea kwenye skrini, uso umekaza kama kamba ya robota. Shamira alikuwa pembeni, amekatazwa kutafsiri. Saudah akatoa salamu yake, na bibi akashtuka kidogo, akajibu kwamba ameshakula. Halafu bibi akainua kidole kimoja: yat go lai baai. Wiki moja.

Kwa hiyo amekubali. Lakini mtoto avuke dunia nzima kwa ajili ya wiki? Saudah akafanya jambo ambalo mtu wa soko la Bwera tu angelifanya mbele ya mkwe.

"Taai siu," akasema. Kidogo mno. Akaongeza, "Do di la," ongeza basi, maneno yote matatu juu kileleni, hakuna la kushuka.

Bibi akatikisa kichwa. Saudah akavuta ushungi, akainuka na kuiacha simu mezani, kama mteja anavyoondoka ili aitwe. Sauti ya Shamira ikauliza mama anaenda wapi. Kellen akashika kichwa. Saudah alisimama nyuma ya vitenge vyake, jasho likimtiririka, akijua kwamba asipoitwa, Pretty haji.

Jambo ambalo Shamira hakuwahi kumwambia ni kwamba bibi yule aliuza samaki sokoni ujana wake wote. Mgongo wa mteja anaujua.

"Lai la, lai la," simu ikaita. Njoo, njoo.

Aliporudi, akakuta vidole vitatu hewani, wiki tatu, na nyuma ya vidole hivyo bibi anacheka mpaka macho yamefumba. Pretty akaingiza kichwa katikati kuona kinachochekesha.

Jioni Saudah akampigia Huzaifa. Alitaka sentensi moja ya kumwambia bibi aje pamoja na Pretty, kitanda iko. Huzaifa akakiri hiyo haijui, labda amuulize rafiki yake wa Guangzhou.

"Muulize sasa hivi," Saudah akasema. "Mimi sikati simu."