Sakafu ya Roswitha

Mke wangu Roswitha alisafisha nyumba yetu miaka thelathini na nane kwa siki, magadi na sabuni ya mche, basi. Hata zamu yetu ya kuosha ngazi za jengo ilipofika, kile kibao cha zamu kikaning'inizwa mlangoni kwetu, alitumia hayo hayo. Sababu ni paka. "Paka huoga kwa ulimi," alikuwa akisema. "Unachomwaga chini, Eugen, yeye anakila."

Alikufa mwezi wa pili. Mwezi wa nne wenye jengo wakafuta zamu. Hatukuulizwa. Waliondoa vibao, wakaleta kampuni inayomwaga dawa ya buluu kwenye ngazi kila Ijumaa. Watu wa ofisini, brashi hawajaishika maisha yao.

Ndani kwangu kukaanza kunuka mzee anayeishi peke yake. Nilitaka kunuke Roswitha. Harufu yake niliyoikumbuka ni ile ya mwisho, ya ugonjwa wa kifua: mkaratusi. Nikanunua kichupa cha mafuta ya mkaratusi dukani, kwenye rafu ya vitu vya asili. Nikatia vijiko viwili kwenye ndoo ya siki, nikaosha vyumba vyote.

Sakafu ilipokauka, Roswitha alikohoa chumbani.

Sitanii. Kikohozi chake kile kifupi, cha mtu anayeona haya kusumbua. Nikaenda. Hakukuwa na mtu, lakini mto wa upande wake ulikuwa umebonyea. Kuanzia hapo niliosha kila siku, na kila nilipoosha alikuja. Muckel, paka wake wa kijivu, alikaa juu ya kabati akikitazama chumba, manyoya yamemsimama. Nikamwambia, "Mjinga wewe, mama yako huyo."

Wiki ya tatu Muckel akaanza kutokwa na mate. Miguu ya nyuma ikamyumba kama ya mlevi. Sikuwa na shaka: dawa ya ngazi. Nikamtia kikapuni, nikashuka nikifoka. Bi Schäufele wa ghorofa ya kwanza akatoa kichwa mlangoni.

"Eugen, unamtukana nani asubuhi yote hii?"

"Wenye jengo! Wamemlisha paka sumu!"

"Paka wako hajatoka nje tangu mazishi, mzee. Ngazi kazilamba saa ngapi?"

"Watetee tu. Labda watakurudishia kibao chako."

"Wanirudishie! Nilikuwa napenda kumwona Roswitha akikurudisha uoshe upya pale ulipolipua kazi."

Daktari wa wanyama, mwanamke kijana, alizinusa nyayo za Muckel kabla ya kumpima.

"Mzee, sakafu unaosha na nini?"

"Vya asili tu. Siki. Mkaratusi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vijiko viwili. Vitatu, siku nikimkumbuka sana mke wangu."

Hakucheka. "Kitu kuwa cha asili si kwamba ni salama. Ini la paka haliyawezi mafuta haya. Anayakanyaga, anajilamba, anayavuta puani. Leo namtundikia maji. Akiamka vizuri, kesho saa kumi na moja jioni umchukue. Lakini harufu hiyo ikiwa bado ipo ndani, na nitaijua kwa nguo zako, simtoi. Akirudi humo atakufa."

"Mke wangu alijipaka mkaratusi kifuani majira yote ya baridi, na paka hakuugua!"

"Paka alikuwa analala naye?"

Majira yote yale Roswitha alikuwa amefunga mlango wa chumba. Muckel alilia nje akikwaruza mbao, na mimi nikamwambia mke wangu kwamba hospitali imemrudisha na roho ya jiwe. Alijibu tu, "Mwache huko huko, Eugen." Pumzi za kueleza hakuwa nazo.

Na ile rafu ya dukani, nani anaikagua? Jani kubwa kwenye kichupa, na onyo limeandikwa kwa herufi ndogo kama chawa. Wakubwa hawafugi paka.

Nilifungua madirisha yote. Maji ya moto, sabuni ya mche, magoti chini. Niliosha hadi giza, na asubuhi nikaanza tena. Mwanzoni harufu ilizidi, ilipanda kutoka kwenye mbao kama iliyochokozwa, na chumbani alikohoa mfululizo, hadi nikaitupa brashi nikasema, "Basi, basi, nimeacha." Nikakaa sakafuni nimelowa. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane.

Nikaiokota brashi.

Karibu na saa tisa harufu ilibaki kwa mbali tu, pale kizingitini mwa chumba. Nikasogea hapo, nikasugua. Ndipo nikasikia brashi ya pili nyuma yangu, taratibu, ikisugua pamoja na yangu, ikielekea pale pale. Kukohoa kulikuwa kumekoma.

Sikugeuka. Ningegeuka ningemwomba abaki, na saa kumi na moja paka alikuwa anatoka kwa daktari.